MALEZI YA WATOTO: AHADI KWA MTOTO MDOGO

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu wasomaji, wako watu wadhaniao kwamba malezi ya mtoto huanza siku apelekwapo chuoni kushika juzuu yake ya kwanza. Hakika malezi huanza zamani kabla ya siku hiyo. Mtoto hukaa kitako, kisha hutambaa, husimama dede, na kwenda tata. Na muda wote huo macho yake yanasoma, naye hajajua alifu wala be. Kitabu chake ni sisi.

Huyu wa kwetu hapa Pemba amepita miaka miwili, naye ameachishwa ziwa baada ya kutimiza muda uliotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233. Sala hajaamrishwa, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwaamrisha watoto wafikapo miaka 7. Lakini msala ukitandikwa, yeye yupo. Husujudu pamoja nasi, kisha huchungulia chini ya kwapa atazame kama tumekwisha inuka. Wala hatumfukuzi. Imepokewa na Nasai kuwa Mtume alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha.

Basi mtoto aigaye sijida huiga na maneno. Jambo hili lilitudhihirikia msimu wa karafuu. Wasomaji wa mbali wafahamu kuwa tangu tufani ya 1872 ilipoiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, sehemu kubwa ya karafuu za Visiwa hivi hutoka Pemba. Nazo zikiwa tayari hazingoji. Zisipochumwa huchanua, na thamani yake hupungua. Kwa hiyo nyumba nzima hutoka: huyu yuko juu ya mkarafuu, huyu anachambua makonyo, na huyu anaanika majamvini huku akilitazama wingu. Mtoto mdogo hubaki nyumbani na bibi yake.

Asubuhi moja alimshika nguo mmoja wa jamaa aliyekuwa akitoka, akalia. Jamaa yule akamwambia, "Nyamaza, nakwenda hapo nje tu, narudi sasa hivi." Akapitia mlango wa uani, na hakurudi ila magharibi. Mtoto alimngoja kizingitini mpaka usingizi ukamchukua. Siku ya pili hakuna aliyeweza kwenda hata kisimani ila yeye amemng'ang'ania. Na siku ya tatu, alipoitwa kuoga, alijibu kwa sauti nyembamba, "Naja sasa hivi," kisha akajificha nyuma ya mlango. Watu walicheka. Lakini mwenye kuzingatia aliona kwamba mtoto amekwisha soma: maneno yale ni ya kumwondoshea mtu udhia, si ya kutimizwa.

Abu Daud amepokea kwa Abdullah bin Amir kwamba, alipokuwa mtoto, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yupo nyumbani kwao. Mtume akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamfahamisha kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uwongo. Zingatieni, enyi wazazi: neno dogo, kwa mtoto mdogo, na bado linaandikwa.

Watakuwapo watakaosema, "Mtoto akiambiwa kweli atalia." Naam, atalia. Nasi kwetu tulipatana kwamba kila atokaye amwage mtoto uso kwa uso, amwambie, "Nakwenda shamba, nitarudi baada ya alasiri," na arudi kweli. Siku za mwanzo kilio kilikuwa kikubwa. Baadaye kikawa kifupi, kisha kikawa kununa tu. Saa haijui, lakini adhana anaijua. Na sasa muadhini wa alasiri akinadi, huacha mchezo wake akaenda barazani kukaa, akitazama njia ya shamba bila ya kulia. Anangoja kwa sababu ana yakini.

Yakini hiyo ni amana mikononi mwetu. Kesho tutamwambia habari za Mola wake asiyemwona, na za Pepo na Moto ambavyo hajaviona, naye atatupima kwa yale aliyoyaona. Mtoto aliyezoea kwamba ahadi ya mzazi ni upepo, ataisikilizaje ahadi iliyo kubwa kuliko hiyo? Kwa hiyo usimwahidi halua ikiwa huna nia ya kuinunua, wala usimtishe kwa zimwi ujualo kuwa halipo. La kumpa, mpe. Na usilo nalo, mwambie huna.

Mwenyezi Mungu atujaalie wakweli mbele ya wadogo kama mbele ya wakubwa, na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Amin.