Chumba Juu ya Gereji: Nilinunua Ubaridi, Nikafungia Sumu

Leo nawapa ya chumbani kwangu. Mliopanga juu ya gereji hapa Dar mpo wengi, najua, maana mwenye nyumba akishajenga banda la gari anaona bora apandishe na chumba juu apate kodi. Na sisi vijana tunapapenda: ngazi ya nje, mlango wako mwenyewe, nani atakuuliza unarudi saa ngapi?

Tatizo ni joto. Mie nakaa Sinza, bati liko kichwani, silingi hakuna, na chini linaingia gari lenye injini ya moto. Januari mpaka Machi, ukifungua mlango saa mbili usiku utadhani ni tanuri la mikate.

Mshikaji wangu mmoja akanishauri feni ile ya kutia maji. Nikagoma. Ile inapoza kwa maji kukauka hewani, sasa hewa ya Dar yenyewe imeshalowa, maji yatakauka wapi? Labda Dodoma kwenye ukavu. Mwingine akasema, "Weka kiyoyozi bwana, acha ushamba." Nikavunja kibubu, nikachukua cha mtumba kwa fundi, BTU 9,000, kwa chumba cha futi 12 kwa 12.

Hesabu sikupiga. Mashine ile ikinguruma inakula karibu uniti moja ya LUKU kwa saa. Lala nayo saa nane, uniti saba zimekwenda. Zile uniti 75 za mwezi za bei ya chee kwa watumiaji wadogo mie nilizimaliza hata nusu mwezi haijafika! Pangaboi la wati 70 linazunguka usiku kucha na uniti moja halifikishi. Halafu kila baada ya miezi miwili fundi anasema gesi imeisha. Jamani, gesi ya kiyoyozi haiishi kama ya jiko, inazunguka humo humo. Ukiambiwa imeisha, ujue inavuja.

Lakini hayo ni ya pesa. Fundi alisema madirisha ya luva yanatoa ubaridi, niyazibe. Nikaziba kwa nailoni na selotepu, hata sisimizi hapiti. Usiku mmoja mdogo wangu amekuja toka Njombe, tumelala kwenye ubaridi wetu, umeme ukakatika. Mzee mwenye nyumba akawasha jenereta lake ndani ya gereji, mlango kaufunga akiogopa wezi. Sie hata hatukusikia.

Nilichoamshwa nacho ni kichwa kugonga kama nyundo. Namwita mdogo wangu, haitiki. Nikamtikisa, akatapika, miguu haina nguvu. Nilimburuta mpaka kwenye ngazi, na sijui nilitoa wapi ubavu huo.

Daktari wa zahanati alituuliza kama tumelala na jiko la mkaa. Mdogo wangu akasema kwao Juni na Julai, baridi ikiuma, watu wanaingiza jiko ndani na kufunga. Daktari akatikisa kichwa: sumu ni ile ile, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Moshi wa jenereta ulipanda kwenye tundu la bomba, ukakuta chumba nilichokiziba mwenyewe.

Asubuhi nikaenda kwa mzee. Shikamoo, marahaba, nikamweleza. Nilitegemea anifukuze. Alinyamaza sana, akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia umeziba madirisha?" Mie nikajibu, "Na wewe baba, mbona hukuniambia jenereta liko chini ya kitanda changu?" Tukatazamana. Jioni ile ile jenereta likahamia nje, mwisho wa ua, mbali na madirisha yote.

Sasa hivi nimepiga silingi bodi, mzee kachangia nusu. Bati limepakwa rangi nyeupe, tundu la bomba limezibwa kwa saruji, na kuna matundu mawili ya hewa juu ukutani. Luva ziko wazi na nyavu, pangaboi katikati. Baridi ya hotelini sina, ila shuka siku hizi halilowi.

Kiyoyozi nilimrudishia fundi yule yule. Kanipa nusu ya pesa yangu, eti kinavuja gesi.