MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Jiwe Lenye Hati



Hapa Kariakoo hatuoni haya kumwambia mwuza mchele, "Bwana, pima tena." Akitupunja kidogo, twanung'unika mtaa mzima. Lakini kijana wetu akienda kwa sonara kutafuta pete ya uchumba, haulizi neno ila bei. Basi mwezi huu twapenda kusema habari za almasi, kwa kuwa ni jiwe la nchi yetu wenyewe.

Almasi za Mwadui, katika Shinyanga, ziligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Jiwe moja la rangi ya waridi, lenye karati 54.5, alimpa Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake ya mwaka 1947. Sifa za jiwe lile zilienea duniani. Majina ya wachimbaji hayakutajwa.

Mwaka 2017 Serikali ilizuia almasi za Mwadui katika uwanja wa ndege wa hapa Dar es Salaam, ikasema thamani iliyoandikwa ilikuwa kama nusu ya ile ya kweli. Kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi wakati ule, ilikana kosa, ikasema wakadiriaji ni wa Serikali. Tena mwaka 2021 kampuni hiyo ilikubali kutoa paundi milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71, yaliyopelekwa mahakamani Uingereza, kwa ajili ya ukatili wa walinzi na askari mgodini. Ilikiri kwamba wachimbaji wasio na ruhusa waliumizwa, na wengine walikufa.

Labda msomaji atasema, "Hao waliingia kuiba." Kuiba ni kosa, hatukatai. Lakini mwizi wa mahindi hupelekwa kwa hakimu. Hapigwi risasi shambani.

Tangu mwaka 2003 almasi mbichi husafiri na hati ya Kimberley, inayoshuhudia kwamba jiwe halikulipia vita vya waasi. Ni jambo jema. Walakini hati hiyo haisemi neno juu ya fimbo ya mlinzi, wala juu ya haki ya bei.

Basi, enyi wazazi, mfundisheni kijana amwulize sonara: jiwe hili limetoka mgodi gani, na waliolichimba walitendewaje? Nanyi walimu, wekeni mizani mbele ya watoto, mwaulize ni nini kisichoweza kupimwa humo. Sonara akikosa jawabu, pete isiyo na jiwe yatosha. Hatujasikia bado ndoa iliyovunjika kwa kukosa almasi.