Kabla Hujamrukisha Mchumba Wako Diani

Mwezi huu tuongee kuhusu staili mpya ya fungate. Zamani bwana harusi akijitutumua sana ilikuwa Zanzibar siku tatu, picha mbili za machweo, mmerudi zenu. Siku hizi mnataka kuruka kutoka kwenye ndege! Pale Diani, pwani ya kusini ya Kenya, watu wanapandishwa kandege kadogo, mtu anafungwa mikanda mgongo wake ukiwa kifuani kwa mwalimu, wanatoka mlangoni wawili kama pacha, wanashuka na mwavuli mpaka kwenye mchanga mweupe. Video juu. Raha yake siibishii hata kidogo.

Ila kila ninayemsikia anaogopa jambo lile lile: mwavuli usipofunguka je? Mimi leo nataka kuongelea mwavuli uliofunguka. Mzima, kitambaa hakina tundu hata moja, kamba zote zipo, lakini umefunguka kwa fujo na kumvunja mtu shingo.

Hii habari nimeipata kwa sababu ya sendoff moja Tabora. Bibi harusi ni mtoto wa mama yangu mdogo, na siku moja kabla ya shughuli tuliwapeleka wageni Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Wenzetu wakawa wanapiga picha. Binti akanivuta pembeni chini ya mwembe.

"Dada, mwenzio kanilipia surprise. Kuruka Diani."

"Hongera! Sasa mbona umenuna?"

Akagusa shingo. Miaka miwili nyuma alipata ajali ya basi, akavaa ile kola ya hospitali wiki sita, mpaka leo akilala vibaya anaamka hageuki. Mchumba anajua kuhusu ajali, hajui kuhusu maumivu. "Nikikataa ataniona mshamba. Ataona simwamini. Nikikubali, dada, shingo hii?"

Sasa pale tulipokuwa tumesimama ni mahali pazuri pa kufikiria shingo. Karne ya 19 njia ya misafara ilipita hapo, kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe na kuendelea Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa takriban kilo 30 kila mmoja. Marobota ya merikani, ushanga, pembe za ndovu. Kilo 30 kichwani au begani, kwa miezi, lakini chini yake kuna ngata, na mzigo unapandishwa taratibu na unashushwa taratibu.

Tufanye hesabu kidogo, msikimbie. Kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5. Mrukaji anaanguka kwa mwendo wa kama kilomita 200 kwa saa kabla mwavuli haujamshika. Mwavuli mzuri hutumia sekunde tatu, nne, wakati mwingine tano kufunguka, na katika muda huo mwili unahisi uzito mara mbili au tatu ya kawaida. Unaguna kidogo, basi. Mwavuli huo huo ukifunguka ndani ya nusu sekunde, uzito unafika mara kumi. Kile kichwa cha kilo 5 kinakuwa kilo 50! Hiyo ni mizigo karibu miwili ya mpagazi, imetua kwenye shingo kwa kupepesa jicho, na ngata hakuna. Wapo waliovunjika uti wa mgongo kwa namna hii, wapo waliopasuka mshipa mkubwa wa moyo, na wapo waliofika chini wakiwa wameshakufa huku mwavuli umetanda vizuri juu yao.

Kwa nini ufunguke kwa fujo? Kuna sababu kadhaa, lakini nyingi zinaanzia ardhini, kwenye mikono ya aliyeufunga. Mwavuli wa kisasa wa michezo una umbo la bawa la vyumba vyumba, wazo la Domina Jalbert, mtengenezaji wa tiara za Marekani, miaka ya 1960. Ni bawa zuri sana ila lina hulka mbaya: likiachiwa linapasuka kufunguka mara moja. Dawa yake ni kipande cha kitambaa chenye matundu manne kwenye kona, wenyewe wanakiita slaida, na kamba zote zinapita humo. Mwavuli ukianza kujaa upepo, slaida inakuwa juu kabisa imezibana kamba pamoja, halafu inateremka polepole kuelekea kwa mrukaji huku bawa likipanuka. Ndiyo breki yenyewe. Mfungaji akiwa na haraka, slaida ikateleza sentimita chache tu kutoka mahali pake kabla mfuko haujafungwa, breki haipo.

Halafu kuna rababendi. Ndiyo, hizi hizi za kufungia noti! Kamba za mwavuli hukunjwa na kushikwa na rababendi kwenye mfuko, ziachie moja moja mpaka zinyooke zote, kisha ndipo kitambaa kitoke. Rababendi zikilegea au kuchakaa, kamba zinamwagika kwa mkupuo, kitambaa kinatoka kabla ya wakati, mwili bado unaanguka kwa kasi yote, kisha kamba zinakaza... pa!

Jambo la kitambaa kutangulia kamba ni la zamani kuliko tunavyodhani. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia askari wa miavuli wa Marekani walitumia mwavuli uitwao T-5, ambao ulitoa kitambaa kwanza na kamba baadaye. Uliwatikisa vibaya. Waingereza wao walitanguliza kamba, na askari wao walishikwa kwa upole zaidi. Tofauti ilikuwa ni nani anatangulia kutoka, kamba au kitambaa.

Kamba zenyewe nazo huzeeka. Zile nyembamba za Spectra husinyaa kwa joto la slaida inapoteremka juu yake, na hazisinyai sawa, kwa hiyo bawa linapoteza mkao na linaanza kufunguka kwa kushtua. Mrukaji akiona mwavuli wake umebadilika tabia, anaupeleka kwa fundi abadilishe kamba, hasubiri wa tatu.

Na mwendo, jamani. Wanaoruka kichwa chini wanapita kilomita 250 kwa saa. Hao wanatakiwa wajigeuze walale kifudifudi na wapunguze kasi kabla ya kuvuta. Wanaoruka wawili uzito ni mkubwa, ndiyo maana mwalimu anatoa mapema mwavuli mdogo unaowavuta nyuma na kuwaweka kwenye zile 200. Urefu nao unahesabika: hewa ya juu ni nyepesi, unaanguka haraka zaidi. Kijana mmoja pale kwenye sendoff akasema si turukie hapa hapa uwanja wa ndege wa Tabora, kwa nini twende Kenya? Baba, Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kwa kimo kile kile kutoka ardhini, ungekuwa unakwenda kasi kuliko wa Diani kwa kama asilimia sita.

Basi, shemeji yetu nikamweka kitako usiku ule. Nikamuuliza, hao watu mwavuli anaufunga nani? Akasema, "Si wao wenyewe, shemeji." Na mwenzio shingo yake umemuuliza? Kimya. Akaenda kumuuliza. Sikusikiliza mlangoni, mimi si mtu wa hivyo, ila walikaa muda mrefu. Walichokubaliana ni kwamba daktari wa mifupa aseme kwanza, na pesa ya kuruka ibadilishwe iwe ya mmoja. Akasema akiruka yeye peke yake, bibi harusi atashika kamera ufukweni. Binti hajaitwa mshamba. Kilichomuudhi bwana ni kwamba amefichwa maumivu miaka miwili, na hapo namuunga mkono.

Wewe unayekwenda, usione haya kuuliza maswali. Uliza anayefunga amefundishwa na nani na anafunga mingapi kwa siku. Uliza mwavuli wa akiba ulikaguliwa lini. Marekani sheria inataka ufunguliwe na kufungwa upya kila siku 180 hata kama haujatumika. Sema uzito wako wa kweli, kwani wengi wana kikomo cha karibu kilo 100, na kilo ulizozificha atazibeba mwalimu. Mjamzito haruki, hilo halina mjadala.

Mikanda ya mapajani ikazwe mpaka ukose raha, maana ikilegea ndiyo itakayokupiga. Kina dada, hereni na mikufu iacheni hotelini, rasta na mawigi yafungwe chini kisogoni yasimpige mwalimu usoni. Kamera abebe yeye mkononi, wewe usiweke chochote cha ziada kichwani, tumeshaona kilo 5 zinavyogeuka. Na akikugonga begani kwamba anavuta, tazama mbele. Usigeuze shingo kumtafuta mpenzi wako anayeanguka pembeni.

Tena wataalamu wenyewe wanakiri kuwa mara chache mwavuli uliofungwa vizuri kabisa, na mtu yule yule, kwa mtindo ule ule, huja ukafunguka kwa fujo na sababu isipatikane. Anayekwambia kwamba kwake haiwezi kutokea, chukua pesa yako, panda matatu, nenda kwa mwingine.