Ukuta, Giza na Mashine ya Sinema

Tumepata barua ya baba mmoja wa Butembo, naye atuomba tusilitaje jina lake kwa sababu majirani wamekwisha kumcheka vya kutosha. Baba huyu aliuza mikaratusi yake, na sehemu ya fedha akanunua mashine ndogo ya kuonyesha sinema ukutani, ile iitwayo siku hizi projekta. Nia yake ilikuwa njema. Watoto wake watatu, pamoja na wengine wawili wa ndugu waliokimbia Kanyabayonga vita vilipoufikia mji ule mwezi wa Juni 2024, walikuwa wakishinda katika kibanda cha video cha mtaani, wakitazama watu wakichinjana tangu mchana hata usiku. Akawaza: “Heri sinema iwe nyumbani mwangu, nami nijue wanatazama nini.” Lakini picha ilitokea imefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia, upande wa juu mpana, upande wa chini mwembamba, na baada ya dakika kumi mashine ikazimika yenyewe. Watoto wakavumilia jioni mbili, kisha wakarudi kibandani. Sasa atuuliza: “Je, mwalimu, nimeibiwa?”

Hatukutaka kumjibu kwa karatasi tu. Jumamosi tulikwenda kwake tukiwa na utepe wa kupimia, na tuliyoyaona pale twayaandika hapa, kwa kuwa nyumba yake yafanana na nyumba za wengi wetu.

Kwanza tuliuliza saa aliyoiwasha mashine. Akajibu: saa kumi alasiri, na dirisha wazi. Basi, hapo tayari tulipata nusu ya jibu. Mashine ya sinema haiwezi kutia weusi ukutani. Yaweza kutia nuru tu. Mahali ambapo picha yataka kuwa nyeusi, mashine huacha ukuta ulivyo. Na kama ukuta unaangazwa na jua la dirishani, weusi utatoka wapi? Sisi tukaao karibu kabisa na mstari wa Ikweta tumepewa jambo ambalo watu wa Ulaya hawana: jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mtu wa Brussels, mwezi wa Juni, hungoja giza hadi saa nne usiku. Sisi saa moja tu tunalo, bila kulinunua. Anayetaka kuonyesha picha mchana atundike blanketi zito dirishani, tena lifike chini, kwa maana kitenge chepesi hupitisha nuru.

Kisha tuliangalia sanduku la mashine. Juu yake imeandikwa “9000 lumens” kwa herufi kubwa. Lumeni ni kipimo cha nuru. Mshumaa wa kawaida hutoa kama 12. Lakini kuna lumeni za kweli na lumeni za sanduku. Kipimo kiitwacho ANSI hupima nuru mahali 9 katika picha nyeupe, kisha hutafuta wastani wake. Na mashine ndogo iliyoandikwa maelfu mengi huenda isitoe ila mamia machache kwa kipimo hicho. Wafanya biashara wetu waleta mali toka Dubai na Guangzhou, na si wote wadanganyifu. Wengine hawajui wenyewe maana ya tarakimu ile. Lakini mnunuzi aulize neno moja: “Ni ANSI ngapi?” Muuzaji akiduwaa, mnunuzi asiitegemee tarakimu ya sandukuni, aombe mashine iwashwe mbele yake, katika chumba chenye giza, kwa saa nzima. Baba yetu hakuuliza wala hakuomba. Hapo twaweza kusema ameibiwa kidogo.

Lakini hata nuru ile ndogo alikuwa akiitawanya. Aliiweka mashine mwisho wa chumba, meta 4.20 toka ukutani, apate picha kubwa ya kuwashangaza wageni. Nayo ikatupa picha ya upana wa meta 3. Sikilizeni hesabu hii, wanafunzi hasa. Kila mashine ina uwiano wake kati ya umbali na upana wa picha. Yake ni 1.4: upana wa meta 1 wadai umbali wa meta 1.40. Tuliisogeza mbele hata meta 2.80, upana ukawa meta 2. Upana ulipungua kwa theluthi moja, lakini eneo lilishuka toka meta 5 za mraba na kitu hadi 2 na robo. Basi nuru ile ile ilikaa mahali padogo, na picha ikang'aa zaidi ya mara mbili. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekaa kimya akimenya viazi, ndiye aliyesema: “Kumbe ni kama siagi juu ya mkate!” Nasi hatukupata mfano bora.

Upotovu wa picha ulikuwa rahisi. Mashine ilikaa juu ya kigoda kifupi, imeinuliwa pua kwa kipande cha tofali, na picha yoyote inayotupwa kutoka chini kwenda juu hupanuka upande wa juu. Ndani ya mashine mna chombo cha kunyoosha picha, lakini chombo hicho hakinyooshi nuru, huibana tu picha na kupoteza sehemu ya nuru. Kwa mashine iliyo dhaifu ni hasara. Afadhali kuiweka juu ya meza au rafu, sawasawa kama fundi aiwekavyo pimamaji, jicho lake likielekea ukuta kwa mraba. Anayependa kuifunga darini aigeuze miguu juu, kisha aiamuru katika mipangilio yake kuipindua picha. Ila aangalie kwanza boriti zake na mahali paa linapovuja.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuumiza sisi wenyewe. Miaka michache iliyopita tuliazima mashine moja kubwa kwa ajili ya wanafunzi wetu. Kila baada ya robo saa ilizimika, na taa nyekundu ikawaka. Tulimrudishia mwenyewe tukimlaumu kwa maneno ambayo leo twaona haya kuyakumbuka. Kumbe mashine ilikuwa nzima! Butembo iko juu, zaidi ya meta 1,700, na mji wa Lubero uko juu kuliko Butembo. Katika kimo chetu hewa ni nyepesi. Imepungua kama sehemu moja katika sita, ukilinganisha na hewa ya pwani. Feni ya mashine hupoza taa kwa hewa, na hewa ikiwa nyepesi haichukui joto la kutosha. Kwa hiyo mashine nyingi zilizotengenezwa vizuri zina chaguo la kuongeza mwendo wa feni kwa mahali palipozidi meta 1,500. Katika orodha ya Kifaransa huandikwa «haute altitude». Nani kati yetu alilisoma? Ndugu zetu wa Beni, walio chini ya kimo hicho, hawana haja nalo. Lakini wa Butembo, Lubero na Kyondo wasiache kulitafuta siku ya kwanza. Kelele za feni zitazidi, nayo taa itaishi.

Mashine ya baba huyu, kwa kuwa ni ya bei ndogo, haina chaguo hilo. Tena alikuwa ameifunika kwa kitambaa kilichofumwa, kizuri sana, ili isikae uchi mbele ya wageni. Tulikiondoa kitambaa, tukaacha nafasi ya shubiri mbili kila upande, tukapunguza nguvu ya taa daraja moja. Ikawaka saa mbili bila kuzimika. Vumbi la barabara yetu nalo lahitaji ulinzi: kichujio kipigwe brashi kila mwezi wa kiangazi. Na wenye mashine za taa ya kizamani, si za LED, wasing'oe waya mara sinema iishapo. Waiache feni izunguke hadi itulie yenyewe.

Juu ya umeme twasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mmoja ana mashaka yake. Wako waliounganishwa na mitambo ya maji, kama watu wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, waliopata umeme wa Virunga tangu 2013. Hao wanunue kidhibiti cha umeme, kwa maana kushuka na kupanda kwa nguvu huua mashine kuliko wezi. Wako wenye sola. Kwao hesabu ni hii: betri moja ya risasi ya volti 12 na Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini usiinywe zaidi ya nusu, usije ukaiua, zabaki 600, na kigeuza-umeme nacho hula sehemu yake, hivyo hesabu kama 500. Mashine ya LED pamoja na kipaza sauti hutumia wati 100 hivi: saa tano. Mashine kubwa ya taa hutumia wati 300: saa moja na nusu na dakika chache, na sinema haijafika mwisho. Kabla ya kuvutiwa na ukubwa wa mashine, soma wati zake zilizoandikwa mgongoni.

Ukuta je? Tulitegemea kusikia habari za turubai la kununuliwa. Haina haja. Ukuta uliopigwa lipu vizuri na kupakwa rangi nyeupe isiyong'aa watosha. Rangi ya mafuta yenye kung'aa hurudisha mwako machoni. Shuka la kitanda lapitisha nuru nyuma yake. Likiwa la lazima, yawe mawili, yaliyopigwa pasi na kuvutwa pembe zote. Na ukizungushia picha ukanda wa kitambaa cheusi, upana wa kiganja, utashangaa jinsi macho yanavyodanganyika yakaona picha imekolea. Kipaza sauti kiwekwe chini ya picha, si nyuma ya watu, ili maneno yatoke kinywani mwa msemaji. Dhidi ya mvua ya Butembo juu ya mabati hatuna dawa. Ikianza kunyesha, simamisheni sinema mnywe chai.

Baada ya hayo yote tuliiwasha saa moja usiku. Picha ikawa safi. Watoto wakapiga makofi. Lakini tuliona jambo jingine ambalo baba hakuliandika katika barua. Nyanya wa watoto alikaa pembeni, amegeuza uso. Sinema ilikuwa ya Kifaransa, naye ajua Kinande na Kiswahili kidogo. Watoto wadogo nao waliona picha bila kufahamu neno. Ndipo tulipokumbuka habari za zamani.

Katika Kongo ya Wabelgiji, amri ya mwaka 1936 iliwakataza Waafrika kutazama sinema yoyote isipokuwa ile iliyokubaliwa na tume ya serikali. Wengine waliamua kwa ajili ya wazee wetu kama kwa watoto. Wamisionari nao wakatengeneza sinema zao: Padri Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza kule Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, visa vya kuchekesha vya Matamata na Pilipili, na Padri Van den Heuvel akatengeneza sinema za swala mdogo Mboloko, mjanja kama sungura wa hadithi zetu. Tukizitazama leo twacheka mahali pengine na kukasirika mahali pengine. Lakini katika maonyesho ya siku zile palikuwa na kitu kimoja cha kuigwa: mara nyingi mtu alisimama karibu na mashine akiwaeleza watu kwa lugha yao yale yanayotendeka. Na hata kibanda cha mtaani chajua siri hiyo, kwa maana huko Kampala na kwingineko wako wafasiri wa sinema wanaopendwa kuliko wachezaji wenyewe. Hao huwavuta watoto wetu kwa ulimi, wala si kwa mashine nzuri.

Tulimwambia baba: “Mashine yako imepona, lakini yakosa msemaji.” Akacheka, akasema hana kipawa. Mama akaweka kisu chini, akasogeza kiti karibu na ukuta, akaanza kueleza kwa Kinande. Hakufuata maneno yote, na mara mbili twadhani alibuni yake. Nyanya akageuza uso. Baada ya kitambo akawa anabishana na mtu wa pichani, akimwambia asimwamini shemeji yake.

Tangu amri ya mwezi wa Mei 2021 iliyoweka mkoa wetu chini ya wanajeshi, tena kwa hofu ya njia za usiku, jioni zetu ni ndefu na milango yafungwa mapema. Tulipokuwa tukiaga, kijana mkubwa, aliyezoea kurudi kutoka kibandani mwisho wa wote, alikuwa akiuliza kesho itaonyeshwa nini.

Limebaki shauri moja. Ukuta ulio bora katika nyumba ile, mrefu, mweupe na usio na dirisha mbele yake, ndio uliosimamiwa na kabati la vyombo vya mama. Tulilitaja jambo hilo kwa upole. Mama akatutazama, akatujazia chai tena. Kabati lingali pale.