Fremu mpya bila vipimo ni usajili wa mbwembwe

Mashabiki wa soka tunalijua hili kuliko watu wote. Dirisha la usajili linafunguliwa, klabu inamshusha winga machachari uwanja wa ndege, ngoma zinapigwa, anavishwa skafu. Ligi inaanza, kumbe kocha anatumia mfumo usio na mawinga. Mchezaji si mbovu na kocha si mbovu, ila hakuna aliyekaa chini kuangalia kama wanaingiliana. Dirisha dogo likifika jamaa anavunjiwa mkataba, na sisi kijiweni tunamaliza chai tukiilaumu kamati.

Leo naomba mnivumilie niuhamishie mjadala huo kwenye baiskeli. Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya mbio za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, vijana wa mtaani kwetu wanaotaka baiskeli za gia wameongezeka. Walimuona Tadej Pogačar akishinda baada ya kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima, wakapagawa. Wengi hawana hela ya baiskeli nzima. Wanachofanya ni kununua fremu ya mtumba iliyo nyepesi, kisha wanahamishia vifaa vya baiskeli ya zamani. Sina ugomvi na hilo, maana ndivyo mtu wa kawaida anavyojenga kitu chake kidogo kidogo. Ugomvi wangu ni neno moja wanaloambiwa dukani: "Itaingia tu."

Mpwa wangu aliambiwa hivyo hivyo. Aliuza simu yake akanunua fremu ya aluminiamu. Magurudumu yalikaa, usukani ukakaa, breki zikakaa. Kilichogoma ni kile kidude kinachokaa juu ya spoketi za mbele na kuihamisha cheni kutoka spoketi kubwa kwenda ndogo. Hapa tukiite direla ya mbele. Fremu ya zamani ilikuwa ya chuma yenye bomba jembamba, na klampu ya direla ilitengenezwa kwa bomba hilo. Fremu mpya ilikuwa na bomba nene, klampu haikuzunguka hata nusu. Fundi, badala ya kusema "hapana, tafuta nyingine", akaikata klampu, akaifunga direla kwa kibano cha mpira wa maji. Kijana akalipa, akaondoka anacheka.

Wiki hiyo hiyo, kwenye kilima cha Pugu, akabonyeza gia ili ashushe cheni kwenye spoketi ndogo. Direla iliyofungwa kienyeji ikajipinda, cheni ikapitiliza ndani, ikaangukia kwenye fremu. Pedeli zikazunguka bure, mguu ukateleza, akaenda chini upande wa barabara. Nyuma yake kulikuwa na lori la mchanga. Dereva alikuwa makini, Mungu ni mwema, na leo tunasimulia habari ya kiwiko kilichochunika badala ya kukaa msibani.

Kuna watakaosema cheni kuchomoka ni jambo dogo. Waulizeni waliofuatilia Tour de France ya 2010. Tarehe 19 Julai, Andy Schleck wa Luxembourg alikuwa amevaa jezi ya njano, anaongoza kwa sekunde 31. Kwenye mlima wa Port de Balès akashambulia, na hapo hapo cheni yake ikatoka. Alberto Contador akampita. Jioni ile Schleck alikuwa nyuma kwa sekunde 8. Yaani alipoteza sekunde 39 siku moja, na walipofika Paris, Contador alishinda kwa sekunde 39 zile zile. Ubingwa ulikuja kumrudia Schleck mwaka 2012, Contador alipovuliwa taji kwa kesi ya dawa, lakini hakuna anayeweza kukurudishia siku ya kusimama jukwaani. Na ile ilikuwa baiskeli ya timu kubwa, yenye mafundi wake na vifaa vinavyoendana. Kama cheni inaweza kumtoka mtu wa aina ile, wewe uliyefungiwa direla kwa kibano cha mpira wa maji unategemea nini?

Sasa tuongee vipimo, maana lawama bila dawa ni kelele za jukwaani. Direla za klampu zimetengenezwa kwa saizi tatu kuu za bomba la siti: milimita 28.6, 31.8 na 34.9. Huna kifaa cha kupimia milimita? Azima futi ya fundi cherehani, izungushe kwenye bomba la siti, juu kidogo ya spoketi za mbele. Ukipata mzunguko wa takriban sentimita 9, bomba lako ni la 28.6. Sentimita 10 ni 31.8, na sentimita 11 ni 34.9. Dakika moja tu, wala hulipi mtu. Klampu kubwa inaweza kukaa kwenye bomba dogo ukiweka vipande maalumu vya kujazia vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Klampu ndogo kwenye bomba kubwa haiwezekani, hata fundi akuapie kwa mizimu ya kwao.

Halafu angalia kama fremu inataka klampu kweli. Fremu nyingi za mbio, hasa za kaboni, zina kipande kilichotokeza kwenye bomba ambapo direla inafungwa kwa boliti moja. Hapo unahitaji direla isiyo na klampu. Ukiibana klampu kwa nguvu kwenye bomba la kaboni ambalo halikutengenezwa kubanwa, unaweza kulipasua, na hapo umepoteza fremu yenyewe.

La tatu ni njia ya waya. Kuna fremu ambazo waya wa gia unapita chini, karibu na pedeli, kisha unavuta direla kutoka chini. Kwenye nyingine, hasa baiskeli nyingi za milimani, waya unatoka juu. Direla ya kuvutwa kutoka chini haifanyi kazi kwa waya unaotoka juu, ingawa zipo zinazokubali pande zote mbili. Ya mpwa wangu ilikosea hapa pia, kwa hiyo hata kama klampu ingeenea bado ingemsumbua.

La mwisho, spoketi na kibadilishia gia cha mkononi. Direla ya spoketi mbili na ya spoketi tatu si kitu kimoja. Direla ya baiskeli ya barabarani yenye spoketi ya meno 50 na 34 ina mkunjo wake, ya milimani yenye spoketi ndogo ina mkunjo mwingine, na kiasi cha waya kinachovutwa na vibadilishia gia vya aina hizo mbili kinatofautiana. Vyote vikishaendana, ufungaji wenyewe hauna uchawi. Kibao cha nje cha direla kiwe sambamba na spoketi kubwa, na kikae juu ya meno yake kwa milimita 1 hadi 3. Kisha zile skrubu mbili ndogo zinawekwa ili cheni isiruke nje wala kuanguka ndani.

Najua kuna kundi litakalosema: toa direla ya mbele kabisa, baki na spoketi moja. Hoja hiyo naiheshimu. Mwaka 2018 timu ya Aqua Blue Sport ya Ireland ilishindana na wakubwa kwa baiskeli za spoketi moja mbele. Kwa anayezunguka Dar es Salaam kwenye tambarare, spoketi moja inatosha na matatizo yanapungua. Lakini kijana wa Lushoto, wa Mbeya au wa Morogoro anayepandisha milima kila siku anaihitaji ile spoketi ndogo. Akiamua kuiacha, iwe ni kwa sababu amepiga hesabu ya gia zake, isiwe ni kwa sababu fundi ameshindwa kazi.

Msimamo wangu ni huu. Muuzaji wa fremu aandike saizi ya bomba la siti kwenye kikaratasi pale anapoandika bei. Fundi apime kabla hajapokea hela, na kama kifaa hakiendani awe na ujasiri wa kusema hakiendani. Nasi wanunuzi tuache aibu ya kuingia dukani na futi mkononi. Mbona tukinunua suruali tunapima kiuno bila kuona haya?

Mpwa wangu sasa ana direla ya 34.9, waya unavuta kutoka juu, ameipata ya mtumba kwa bei iliyo chini ya ile aliyomlipa fundi wa kwanza. Jumamosi amepanda Pugu mara tatu. Futi ya mama yake ya cherehani bado iko kwenye begi lake la spana, na mama anaidai.