Askari wa Kigeni Anaweza Kutuletea Amani?



Katika majadiliano yetu kuna swali lenye kurudia kila mara: inchi ikiwa na vita ya wenyewe kwa wenyewe, ni vizuri kuita majeshi ya inchi ingine? Wengine wanajibu upesi: «Ndiyo, waje, watu wanakufa.» Wengine nao wanajibu upesi vilevile: «Hapana, inchi ni yetu.» Mimi naona majibu yote mawili ni mafupi mno. Sisi watoto wa Kasongo na Kabambare hatuna haja ya kutafuta mifano mbali.

Askari wa Leopold II waliingia Kasongo mwaka 1893, na Kabambare mwaka 1894. Walisema wanakuja kukomesha biashara ya watumwa. Biashara ile ilikuwa mbaya kweli. Lakini mgeni yule hakurudi kwake, na utawala wa kizungu ulikaa mpaka tarehe 30 Juni 1960.

Tuje mwaka 1964. Simba walikamata Uvira, Kindu, kisha Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Serikali ya Tshombe ikaleta askari wa kukodiwa, Wazungu wa Afrika ya Kusini, Rhodesia na Ulaya. Tarehe 24 Novemba 1964 maparakomando wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kwa ndege za Marekani juu ya kuokoa wageni walioshikwa na Simba. Wageni zaidi ya 1,500 waliokolewa. Wengine waliuawa siku ileile, kati yao munganga Paul Carlson, mmisionere wa Marekani. Kuokoa mtu si kosa hata kidogo. Lakini tuangalie mwisho wake: kisha siku chache maparakomando walirudi kwao, na raia Wakongomani walibakia katikati ya Simba na wale waliokuja kulipiza kisasi.

Waasi nao walikuwa na wageni wao. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa Tanganyika, na Wakuba zaidi ya 100 walipigana upande wa Fizi. Walijipa majina ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Che ndiye alikuwa Tatu. Mwezi wa Novemba mwaka ule walivuka tena ziwa, wakaenda zao, na Che mwenyewe aliandika kwamba kazi ile ilishindwa. Basi kila upande ulikuwa na mgeni wake, na kila mgeni alikuwa na njia ya kurudia kwao. Mwanakijiji hakuwa na njia ingine isipokuwa ya pori.

Mwaka 1998 mambo yalirudia. Rwanda na Uganda walisaidia waasi. Zimbabwe, Angola na Namibia walisaidia serikali. Kindu ilianguka mwezi wa Oktoba. Na mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda, yaliyosema yanasaidia Wakongomani, yalipigana yenyewe kwa yenyewe siku sita ndani ya muji wa Kisangani, na mamia ya raia wakafa. Ni nani alikuwa akisaidiwa pale?

Wako wenzetu wenye kusema: «Lakini mwaka 2013?» Ni kweli. Mwaka ule ONU ilileta brigade ya Watanzania, Waafrika ya Kusini na Wamalawi. Walipigana pamoja na jeshi letu, na mwezi wa Novemba M23 ilishindwa. Mfano huu siukatai. Wageni wale walikuwa na kazi iliyoandikwa na mkubwa wa kuwauliza. Lakini M23 ilirudi kupigana, na mwezi wa Januari 2025 ikakamata Goma. Jirani anaweza kukusaidia kuzima moto wa nyumba. Hawezi kukujengea nyumba.

Wazee wanasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jeshi la kigeni halipokei jembe. Likikaa, linatafuta zahabu. Kwa hiyo mbele ya kupiga makofi, tuulize maneno matatu. Moja: anakuja kulinda nani, raia ao kiti cha mkubwa fulani? Mbili: atarudi siku gani? Tatu: akikosa, nani atamuhukumu? Juu ya hili la tatu tusijidanganye. Tribunali ya La Haye ilihukumu Uganda mwaka 2005, lakini malipo, dola milioni 325, yalikatwa mwaka 2022 tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa hukumu alikuwa amefika sekondari.

Mgeni asiyekuwa na jibu la maneno haya matatu, mimi nasema asiingie, hata akiitwa na serikali, hata akiitwa na waasi. Mwenye jibu, aje, afanye kazi yake, aende. Lakini hata huyo hatatusikilizanisha sisi kwa sisi. Vita ya wenyewe kwa wenyewe inaanza wakati ndugu anaona bunduki ya mgeni ni rahisi kuliko kuketi na ndugu yake. Kazi ile ya kuketi hakuna ndege inayoweza kutuletea.

Mwenye mawazo mengine aandike. Gazeti hili ni letu sote.

Mwanafunzi mwenzenu