Dirisha la gari la kuku lisiachiwe fundi

Mfanyabiashara anayesafirisha kuku wa kienyeji kutoka Singida hadi Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 700, huhesabu mafuta, ushuru na posho ya dereva. Madirisha ya bodi humwachia fundi, naye hukata panapomrahisishia kazi. Hasara huanzia hapo.

Kuku hatoi jasho. Hupoza mwili, wenye joto la nyuzi 41 hivi, kwa kuhema, na pumzi hiyo huongeza unyevu ndani ya bodi. Gari likiwa mwendoni hata dirisha baya husaidia. Kasheshe ni pale linaposimama kwenye foleni ya mizani saa nane mchana. Hewa ya moto hupanda na kukwama chini ya paa, na dirisha moja la nyuma haliwezi kuitoa (wengine hata hilo hulifunika kwa turubai!).

Kinachotakiwa ni matundu ya chini upande mmoja, mbali na bomba la moshi, na mengine juu karibu na paa upande wa pili, yote yakiwa na wavu. Anayeona kuchomelea ni ghali ahesabu kwanza kuku aliowatupa safari iliyopita. Matenga nayo yasisukumwe hadi ukutani, maana yataziba matundu hayo hayo yaliyolipiwa.